Alama Shingoni mwa Ngamia Wangu

Baba aliponioza alinipa ngamia majike wanne. Shingoni walikuwa na alama ya ukoo wetu, mstari mmoja. Mume wangu Adow hakuniomba kitu. Ni mimi, bibi harusi mwenye kiburi, niliyemwambia awachome alama ya ukoo wake, mistari miwili, ili watu wajue nimefika kwangu.

Kufikia mwaka wa 1964 Adow alikuwa amekufa, na ngamia wangu walikuwa kumi na tisa. Kisha mtu mmoja wa ukoo wake akapiga risasi lori la askari. Askari wakaja wakachukua kila ngamia mwenye mistari miwili, wauzwe Garissa.

"Mimi si wa ukoo huo," nilimwambia inspekta wao.

"Shingo zao zinasema ni wa ukoo huo, mama." Askari wake wakacheka.

Nikatembea siku tatu hadi Garissa kumtafuta Ahmednoor, mtu wa chama cha upinzani. Mwaka uliotangulia alikaa kwenye mkeka wangu akinywa maziwa. "Eddo Lul," aliniita, yaani shangazi, kama mtoto wa kaka yangu, "serikali ni ngamia dume. Lazima mtu amshike kamba. Sisi tutalinda malisho, visima na sheria ya wazee. Wakigusa, tutauliza bungeni." Nilimwamini. Nilichinjia mkutano wao dume zima.

Nilikuta kibao cha ofisi yake kimepakwa rangi mpya. Jina la chama chake halikuwepo tena. Lilikuwepo la chama kinachotawala.

"Tumeungana, Eddo. Upinzani ulikuwa unagawa nchi."

"Kesho ngamia wangu wanauzwa. Nani atauliza?"

"Niiulize vipi serikali, na mimi ni serikali?"

"Basi kamba ameshika nani, Ahmednoor?"

Akatazama saa yake. "Kunywa chai, Eddo. Umechoka."

Sikunywa. Yeye alibadilisha alama yake kwa kopo moja la rangi, wala hakuungua popote.

Asubuhi nilisimama kando ya barabara iendayo darajani. Ngamia wangu walipitishwa wote, wakipelekwa ng'ambo ya mto Tana kwa mnunuzi. Nikamwita Dahabo, jike pekee aliyebaki kati ya wale wanne wa baba. Alisimama, akageuza shingo kunitafuta. Mistari miwili ilionekana wazi kabisa. Askari akamchapa fimbo juu ya alama hiyo hiyo, naye Dahabo akaenda.