Gunia Lililomwagikiwa Mawese

Jirani yetu wa hapa Nyakitonto hawezi kupita penye maharage bila kuchota konzi moja na kuyageuza kiganjani kwa kidole gumba, akitafuta matundu ya wadudu. Mwaka juzi, asubuhi ya baridi, alilaza dumu la mawese juu ya gunia la mbegu za maharage bila kukaza kifuniko, kwa kuwa mafuta yalikuwa yameganda. Jua lilipopanda yaliyeyuka, yakalowesha gunia zima. Mawifi zake walimcheka, wakamwambia ayapike maharage hayo upesi. Aliyaacha. Baada ya miezi minne magunia yote yalikuwa yamebunguliwa, isipokuwa hilo. Tangu hapo hupanga chupa za maharage dirishani, nyingine zenye kijiko cha mawese, nyingine nusu, nyingine kavu. Kila Jumapili baada ya ibada huhesabu matundu kwa sauti ya chini, kisha huotesha punje kumi kumi kwenye kitambaa chenye maji aone ngapi zitaota.

Juzi bwana shamba alikuja kuamua kama kikundi chetu cha wakulima kihifadhi mbegu kwa njia ya jirani huyo.

“Mama, hii ni bahati tu,” alisema akicheka.

“Kumwagika ni bahati, mwanangu,” alijibu bila kuinua macho. “Wewe umemwagikiwa mara ngapi, ukafuta tu?”

Bwana shamba alivuta kigoda, akaomba chupa moja, akaanza kuhesabu.