Siku Nilipomsoma Naserian Vibaya

Hii aibu nimeificha hata kwa dada yangu, lakini kwa vile nusu ya akina mama wa Kitengela wanaijua tayari, wacha niwaambie mwenyewe kabla haijaongezewa chumvi.

Mimi hufundisha hesabu nyumbani kwa watu. Jumamosi hiyo nilikuwa na Naserian, msichana wa gredi ya nane, kwenye veranda yao, na ndani mamake alikuwa na wenzake wa chama chao cha akiba. Sasa, wiki hiyo nilikuwa nimetoka semina Kajiado ya vile mwili wa mwanafunzi husema kile mdomo unaficha (semina ya siku moja, tena na chai ndefu, lakini nilitoka hapo nikijiona daktari), kwa hivyo nikaamua leo sitamuuliza huyu mtoto kitu, nitamsoma tu.

Nikamsoma. Macho yakaruka nyuma yangu, nikasema moyoni, huyu amekata tamaa. Akauma midomo, nikasema, hofu. Mguu ukaanza kutikisika, akainua mkono.

"Mwalimu, hapo nyuma..."

"Shusha mkono. Usiongee mpaka nimalize."

Akashusha, akafunika uso, mabega yakitetemeka, nami nikaona kabisa mtoto analia juu ya aljebra, huruma ikanishika (na kiburi kidogo), nikaita, "Mama Naserian! Kuja uone vile mtoto anaumia!"

Wakaja wote, sahani mkononi. Nikabaki nimeketi kama jaji, nikawaeleza macho yanamaanisha nini, mabega yanamaanisha nini, na kadiri nilivyoeleza nao wakauma midomo, mabega yakatetemeka, nikashangaa, kwani hata hawa wanaogopa aljebra?

"Mwalimu," mamake akasema polepole, "mtoto anaangalia mbuzi."

Nikaruka juu. Kumbe ile kitu ilikuwa ikinivuta sketi nyuma ya kiti muda huo wote, nikidhani ni upepo, ni mbuzi, na sketi yangu upande wa nyuma, kutoka pindo hadi juu ya magoti, ilikuwa imeshaingia tumboni mwake. Tena kwa kushtuka nikageuka nimwangalie, nikawapa wale akina mama mgongo, shimizi yote nje.

Kicheko chao sitawaelezea.

Mama Naserian akanifunga leso kiunoni. Naserian akaniletea daftari, macho chini. "Pole, Mwalimu. Nilijaribu kukuambia." Hesabu zake zote, sawa.

Siku hizi mwanafunzi akiangalia kando nauliza, "Kuna nini?" halafu nanyamaza, na akisema geuka, nageuka.