Nilivyofundishwa Kutomsaidia Mama Hajja

Siku yangu ya kwanza kazini Jeddah nilimbeba mtu mwenye miguu mizima. Mama Hajja, mama yake bosi wangu, alikuwa amevunjika nyonga, lakini mfupa ulikuwa umeshaunga. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu mzee hainuki kufuata maji wakati kijana yupo. Nikamtoa kitandani kwa mikono yangu, nikamkalisha, nikamlisha kwa kijiko. Madam, mke wa mwanawe, akasema, "Mashallah, huyu ana adabu." Nikavimba kichwa.

Ulezi wa wazee tuliujua hivyo. Kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, kumfunga kiunoni mkanda wa kumshikia wakati wa kumhamisha, na baada ya hapo kubeba tu. Nilimbeba miaka miwili. Ombi lake lilikuwa moja, nalo alilirudia kila akimaliza kusali kwenye kiti: "Binti, nataka paji langu liguse chini kabla sijafa." Namjibu inshallah, huku namwekea mto vizuri.

Familia ilipohamia Riyadh, nikawa nampeleka kituo cha mazoezi ya viungo. Mkufunzi Mkuu pale alikuwa bibi wa Kijapani, umri wa mama yangu, anayekaa sakafuni na kuinuka bila kushika kitu. Alitukagua, akamsaidia Mama Hajja kushuka kwenye mkeka, kisha akakisukuma kiti cha magurudumu nje na kufunga mlango.

"Kiti mafi, hakuna tena," akasema kwa Kiarabu cha kuokoteza. "Wewe, mikono nyuma."

"Mkufunzi, hawezi kuinuka!"

"Nyonga imepona. Miguu nani kaiua? Wewe. Kwa adabu yako."

Wallahi! Miaka miwili ya kusifiwa, leo naitwa muuaji! Nilitaka kumjibu, macho yakaniangukia kwenye ile miguu. Ilikuwa imekonda vibaya, na mimi ndiye niliyekuwa nikiiosha kila asubuhi.

Akatueleza kwamba wazee wa kwao wa zamani waliishi sakafuni. Walikula chini, walilala chini, wakainuka mara nyingi kwa siku, na kule kuinuka ndiko kulikowaweka hai. Hata tumbo waliliachia nafasi, wakishiba sehemu nane kati ya kumi. "Msaada pia," akaniambia, "usimshibishe."

Tukaanza. Kulala ubavu, kujiegemeza kwenye kiwiko, kupiga goti, kusimama. Mama Hajja alilia, "Nishike, binti!" Nami nimefumbata mikono nyuma, machozi yananitoka. Siku moja mwanawe akaingia, akamkuta mama yake ametambaa nusu mkeka.

"Yalla, mwinue!" akanifokea. "Au nikurudishe kwenu leo?"

 Ikama yangu, kibali cha kuishi kule, ilikuwa mkononi mwake, na kwetu watoto walikuwa wanasoma kwa mshahara huo. Nikapiga hatua. Sauti ikatoka chini:

"Nyamaza, mwanangu. Nina kazi."

Bosi akarudi mlangoni, nami nikarudi nyuma.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja, nyumbani, Mama Hajja alikataa kiti, akatandika mswala mwenyewe. Akashuka polepole hadi paji likagusa chini. Alikaa pale muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akaendelea na sala yake, akatoa salamu, akanigeukia. Nilingoja shukrani.

"Miaka miwili, binti," akasema. "Kwa nini hukuniacha nijaribu mwenyewe?"

Nikaketi chini kando yake. Nimestaafu, swali hilo bado ninalo. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema. Mimi nilitenda nikaganda palepale, nikamzibia mtu njia. Ninyi mnaoingia kazi hii, mtaambiwa mbebe. Muulizeni mzee kwanza anataka kufika wapi.

Nami sasa niko Tanga, na wake za wanangu wana adabu. Juzi nilinyoosha mguu, mmoja akainama akanivisha ndala, nikamwambia ahsante mwanangu. Alipoondoka ndipo nikashtuka. Nikaivua, nikaivaa upya mwenyewe.