Kitambaa cha Bi Casimira

Siku Nazario Tuz alipomwona Bi Casimira kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa ameketi makaburini, pale Pomuch, mji mdogo wa Meksiko, amepakata fuvu la marehemu mumewe, analipangusa kwa brashi. Nazario alikuwa ameletwa na Rosenda, mchumba wake, ajitambulishe kwa mama mkwe. Nywele zikamsisimka. Kwao Champotón, pwani, mtu akizikwa amezikwa.

"Karibu, baba," Bi Casimira akasema bila kuinuka. "Msalimie mkweo Abundio. Hang'ati. Hata alipokuwa hai meno yalikuwa mabovu."

Nazario akafungua kinywa kusalimia. Akajikuta amerudi nyuma hatua mbili.

Alioa, akapata kazi ya kukanda unga katika duka la mikate la mtaani. Kila Oktoba ilipoelekea ukingoni, wenzake waliingoja sikukuu ya wafu kwa hamu, wakiuota ule mkate wa mahindi na kuku unaofukiwa ardhini penye mawe ya moto. Yeye alijua kwamba kabla ya mkate kuna sanduku: pale Pomuch maiti hufukuliwa baada ya miaka mitatu, mifupa yake ikawekwa katika sanduku la wazi makaburini. Mifupa hutolewa mmoja mmoja, hupanguswa vumbi la mwaka, kisha hurudishwa sandukuni juu ya kitambaa kipya kilichodariziwa, fuvu likikaa juu ya yote. Nazario alibeba ndoo, alipaka ukuta chokaa, alinunua maua. Mifupa hakuigusa.

Bi Casimira aliliona hilo, akaipangusa mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mpenda utani, aliyewadarizia vitambaa nusu ya mtaa. Kitu kimoja tu kilimtisha: sanduku lililokuwa jirani na la Abundio. Jamaa wa marehemu walihama, kitambaa kikaoza, mbavu zikachungulia nje, buibui wakatanda machoni. Watu walisema marehemu yule huzunguka majumbani kwa hasira, akiwavuta watu shuka. Kila alipolipita, Bi Casimira alipiga ishara ya msalaba na kuongeza mwendo. Rosenda ndiye mtoto wake pekee, naye akishika mfupa huzimia. Basi yeye nani angembadilishia kitambaa?

Mwaka ambao magoti yake yalikataa kabisa kukunjika, alimwekea Nazario fuvu la Abundio viganjani, akampa na brashi, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama. Hakuomba wala hakuamuru. Fuvu lilikuwa jepesi kama mkate uliochacha na kukauka, na wepesi huo ndio uliomtia Nazario hofu zaidi. Akapitisha brashi mara moja. Jino likachomoka, likadunda kwenye saruji, likatumbukia ufani.

Nazario akaingiwa na baridi mwili mzima. Kumjeruhi marehemu, tena siku anapoandaliwa kuja nyumbani kula na watu wake! Akainamisha kichwa, akingoja laana.

Bi Casimira akanyoosha shingo kuangalia pengo. "Lile? Lilimtesa miaka, na kung'olewa anaogopa. Umemfaa."

Alicheka peke yake. Kwa majuma mengi baadaye, tanuri likilia kwa joto, Nazario alidhani anaitwa na Abundio. Akilala, alilishika shuka kwa mikono miwili.

Kisha Bi Casimira akaugua. Kitambaa chake mwenyewe kilikuwa kando ya mto, maua mekundu na jina lake, upande mmoja haujamalizika. Siku pumzi ilipoanza kumpaa, alimtuma Rosenda jikoni akachemshe maji, akabaki akimtazama Nazario. Yalikuwa macho yale yale aliyozoea kulitazamia sanduku la jirani.

Nazario akaushika mkono wake. Chini ya ngozi ilikuwa mifupa mitupu, naye aliihisi yote, mmoja mmoja. Alitamani kuuachia mkono ule, akimbie, asisimame mpaka Champotón. Hakuuachia.

"Nitakutoa mimi, mama," akasema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Miaka mitatu ikitimia, nitakutoa kwa mikono yangu. Na kitambaa nitakubadilishia kila mwaka."

Bi Casimira akafumba macho. Nazario akadhani ameshakwenda. Kisha midomo ikacheza.

"Ukifika magotini, taratibu, baba. Yananiuma."