Waliposema Aende Nyumbani

Mimi besiboli siijui, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Siijui kweli. Mjukuu wangu amenieleza mpaka akachoka. Ninachojua ni kwamba kuna vituo vinne vimepangwa kama pembe za kitambaa cha meza. Mmoja anarusha mpira, mwenzake ana gongo, na akiupiga anakimbia kuzunguka vituo. Akirudi pale alipoanzia, timu yake imepata alama. Hayo mengine ya kuhesabu mipira mizuri na mibaya nimewaachia wenyewe.

Nilikozaliwa, Tanga, wasichana tulicheza rede. Wawili wanarusha mpira, mmoja yuko katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira wetu ulikuwa soksi iliyoshindiliwa matambara. Nilikuwa hodari wa kukwepa na sikuwa hodari wa kitu kingine. Shule niliiacha darasa la tatu, na nadhani mwalimu alifurahi kuliko mimi. Kwa hiyo mjukuu aliponiambia amejiunga na timu ya besiboli ya chuo, nilimwuliza, mpira ukija unaukwepaje? Akanijibu kwa Kiingereza, maana huyu binti kazaliwa hapa Birmingham, Kiswahili anakisikia chote lakini majibu yake ni Kiingereza tu, akasema kwamba mpira ukikupiga unapewa kituo cha kwanza bure. Nikamwambia huo si mchezo, huo ni wazimu. Lakini nikaenda kutazama, na niliporudi nilikuwa mgonjwa wa huo wazimu.

Chuo chao ni kidogo, kile ambacho ukimtajia mtu anauliza kiko wapi. Uwanja wao uko Shard End, nyuma ya nyumba za kaunsili, zile za kupanga za halmashauri ya mji, na kabla ya mechi inabidi kwanza waokote mavi ya mbwa. Mashati waliyanunua mitumba, yana jina la timu nyingine kifuani, wakalifunika kwa utepe mweusi. Wavulana na wasichana wanacheza pamoja. Mjukuu wangu ndiye mfupi kuliko wote, na kofia ile ngumu akiivaa juu ya hijabu yake anaonekana kama msumari. Nahodha ni kijana wa Kipolandi, mrefu, hajui kucheka. Mrushaji ni kijana wa Kisomali ambaye baba yake alilelewa Nairobi. Huyo baba na mimi ndio tulikuwa mashabiki. Nilikuwa napanda mabasi mawili kutoka Sparkhill, nina fimbo yangu, chupa ya chai na kiti cha kukunja, naye ananiwekea nafasi karibu na wavu.

Basi mwaka huu mapema chuo kikawaita, kikawaambia timu isiyofika popote haina faida kwao. Wakifika fainali, watabaki. Wasipofika, mwakani hakuna timu. Mjukuu wangu alirudi siku ile akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vya matope, na kwangu hakuna anayekaa kwenye ngazi na viatu. Siku ile nilimwacha akae. Alikuwa amejaribu mipira mingine huko nyuma, huku wakamwambia mfupi, kule wakamwambia avue hijabu. Hawa wa mashati ya mitumba walimwuliza tu kama anaweza kukimbia.

Wakaingia kwenye mechi za mtoano. Ya kwanza wapinzani walikuja wakicheka wakaondoka wamefungwa. Ya pili ilikuwa ugenini, mvua tupu, sikwenda kwa sababu ya magoti, nikaletewa habari tu kwamba wameshinda. Ya tatu ndiyo nusu fainali, na wenzetu wakaja Shard End na basi lao lenye mapazia, kutoka chuo kikubwa, watu wamevaa sare mpaka soksi. Mmoja wao aliwauliza wetu kama yale mashati wameyapata mitumbani. Mjukuu wangu akamwambia ndiyo, na yenu tutayapeleka huko huko jioni. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Sasa nitoke nje kidogo, mtanisamehe. Marehemu mume wangu alifanya kazi kiwanda cha magari kule Washwood Heath. Siku hizi pamebomolewa, wanajenga mambo ya treni. Zamani zile pale getini walikuwapo vijana waliokuwa wakiwapigia kelele watu weusi na Wahindi: go home, go home. Kila siku, maneno hayo mawili. Yeye alikuwa akifika nyumbani, anavua buti, ananiambia, "Wameniambia niende nyumbani, basi nimekuja. Nipe chai." Alikuwa na moyo huo. Mimi sina. Nami niliambiwa, si mara moja, na mara ya mwisho si zamani, nipo kituo cha basi Stratford Road na mfuko wa bamia, gari likapunguza mwendo, mtu akanitupia maneno yale yale dirishani. Nilirudi na bamia zangu na jibu limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Turudi uwanjani. Mechi imefika mwisho, alama sawa kwa sawa, zamu ya wetu kupiga. Mjukuu wangu amefika kituo cha tatu, bado kimoja tu. Nahodha akaupiga mpira juu sana, ukaenda mbali, adui mmoja akaudaka, na hapo nahodha ametolewa, ila aliye kituoni bado ana ruhusa ya kukimbia, hilo nimeelezwa baadaye. Na hapo ghafla nikasikia watu wote wanampigia mjukuu wangu kelele, wamenyoosha mikono: go home! Go home!

Nilisimama. Sikumbuki magoti kuuma. Fimbo nimeishika katikati, si kwa kutembelea, nikaipita kamba ya kuwazuia watazamaji, nikapaza sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu watoto wangu walipokuwa wadogo.

"Usiende! Kaa hapo hapo! Huendi popote!"

Alikuwa ameshaanza kukimbia. Akasimama kama amekanyaga gundi. Kwetu mimi nikisema simama, miguu inasimama kabla akili haijauliza. Mpira ukarushwa ukarudi, mdakaji wao, yule mwenye kinyago anayechuchumaa kwenye kituo cha mwisho, akaupata, na mjukuu wangu akajirusha kurudi kituo cha tatu kwa tumbo. Nahodha akavua kofia akaitupa chini. Wenzetu wa mapazia walikuwa wanacheka wameshikana mabega.

Baba wa mrushaji akanifikia, akanishika mkono taratibu kama mtu anayeshika yai.

"Mama, keti. Hakuna mtu anamfukuza. Hiyo base ya mwisho ndiyo inaitwa home. Wanamwambia akimbie apate point."

"Inaitwaje?"

"Home. Nyumbani."

"Nani aliipa jina hilo?"

"Mama, hata mimi sijui. Lakini keti, huyo refa anakuja."

Refa akaja kweli. Akaninyooshea kidole, akasema nikipiga kelele tena ananitoa uwanjani. Aliongea polepole, kama mimi ndiye mtoto. Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa na matope mpaka kwenye meno, na ananiangalia. Sikuona hasira machoni pake, nitasema ukweli, niliona anajizuia kucheka. Lakini akitolewa mmoja wao tu tena, zamu imekwisha, na pengine timu imekwisha nayo, na hilo nililijua hata mimi.

Sikurudi kwenye kiti. Nikasimama pale pale nyuma ya wavu, nyuma ya mdakaji wao.

Mrushaji wao akarusha. Mpira ukatua mbele ya mdakaji, ukamchomoka, ukaja nyuma mpaka kwenye majani marefu chini ya wavu, mbele ya viatu vyangu. Mdakaji akavua kinyago, akageuka kulia. Mpira ulikuwa kushoto. Mjukuu wangu kule hakuweza kuuona, wala wenzake, mdakaji amewakinga. Niliyeuona ni mimi. Refa alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na kidole chake nakikumbuka.

"Njoo nyumbani!" nikapiga kelele. "Njoo, mwanangu, njoo nyumbani!"

Hakuna mwingine aliyeelewa, ila yule baba, naye nilimsikia akisema bismillahi. Mjukuu wangu aliinamisha kichwa akaja. Mdakaji alipouona mpira, akaurukia, akageuka, na yule msumari wangu alikuwa ameshajitupa chini, anaserereka, matope yanaruka kama dimbwi likipitiwa na gari. Mguu ukagusa. Refa akapanua mikono: alama imeingia, tumeshinda.

Halafu ndipo akanigeukia, akasema nimetolewa. Nikamwambia mchezo umekwisha, anitoe wapi. Baba wa mrushaji akamtafsiria, na nadhani alitafsiri kwa adabu kuliko nilivyosema.

Nahodha aliokota kofia yake akaja akanipa mkono. Akaniuliza, kwa kupitia mjukuu, lile neno nililopiga kelele ni lipi. Siku ya fainali walikuwa wanaliita wote, yule Mpolandi, Wachina wawili, na msichana mmoja wa Wales: nyumbani, nyumbani! Walikuwa wanalitamka vibaya sana. Sikuwasahihisha.

Fainali walifungwa, tena vibaya, sitawadanganya. Chuo wenyewe walisema fainali, na fainali imefikiwa, kwa hiyo mwakani wapo. Tulipokuwa tunatoka, kijana mmoja wa upande wa washindi, glasi mkononi, akatupigia kelele sasa twende nyumbani. Pengine alikusudia mchezo. Pengine hakukusudia mchezo, sauti ile naijua. Nilishaigeuza fimbo nimeishika katikati.

Mjukuu wangu akaniingizia mkono kwapani, begi la magongo begani, akamtazama yule kijana kutoka juu mpaka chini. Kisha, tangu azaliwe, ndiyo mara ya kwanza namsikia akinisemesha kwa Kiswahili.

"Twende nyumbani, Bibi," akasema kwa sauti ya kusikiwa hata na aliye mbali. "Nina njaa."

Tukaenda kupanda basi la Sparkhill.