Kurasa za Mwisho za Mirihi

Jana, stendi ya Muleba, jirani yangu alifungua kikaratasi cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, na harufu yake ikanirudisha jikoni kwa mama.

Mwalimu alikuwa ameniazima kitabu kisicho na jalada, hadithi ya msafiri aliyekwama kwenye sayari ya Mirihi. Nilibakiza kurasa chache kukimaliza. Siku hiyo wageni walikuja kumposa dada, majani ya migomba tuliyozoea kufungia kahawa yalikuwa yamelowa mvua, na mama, ambaye hakuwa ameanza kisomo cha watu wazima, akazichana kurasa hizo kufungia kahawa yao. Niliporudi kutoka kisimani wageni walikuwa wanatafuna, na karatasi zilikuwa motoni.

“Mawe,” nikamwita mama, “sasa nitajuaje kama msafiri alirudi kwao?”

“Aliyeandika alifika huko?”

“Hapana. Alibuni tu.”

“Basi buni na wewe. Usinitie aibu mbele ya wakwe.”

Wageni walicheka. Nilikwenda kukaa shambani, nikabuni. Kila nilipomfikisha msafiri kwenye chombo chake, mlango uligoma kufunguka. Nilimwanzisha upya mpaka siku dada alipoagwa kwenda kwa mumewe, na bado msafiri alikuwa amesimama pale nje.