Ushuru wa Aaltje

Wolter Bakhuis, jirani yangu, ndiye aliyekuwa akifungua daraja la mji wetu mpaka alipostaafu. Mashua zikija alipiga kengele, akawazuia wenye baiskeli, akainua daraja, kisha akanyoosha ufito wa kuvulia samaki. Kwenye uzi, mahali pa ndoana, alikuwa amefunga kiatu cha mti. Mwenye mashua alitia sarafu za ushuru humo kiatuni bila kusimama. Hivyo Wolter aliona watu wa kila aina wakienda likizo, wamevaa kaptula, mabega yamewaiva kwa jua. Yeye likizo aliijua kwa kuitazama tu.

Mkewe, Aaltje, alitaka na wao wawe miongoni mwa wanaopita. Mara ya kwanza walikwenda mji wa Leiden. Jioni ile ile Wolter aliletewa tambi, akamwuliza mhudumu viazi viko wapi. Alipoambiwa havipo, alikula mkate aliokuja nao kutoka nyumbani, akalala, na asubuhi akawasha gari. Aaltje hakuona hata kanisa moja. Hakugomba. Alinyamaza kutoka Leiden mpaka mlangoni kwao, na hapo si karibu.

Mwaka huu, mwezi wa tano, akatangaza likizo ya pili. Aliitangaza mezani, nami nikiwepo, nadhani ili apate shahidi.

"Siku tatu," alisema. "Deventer, Enkhuizen, halafu Friesland. Jirani huyu ataendesha gari. Na wewe, mzee, utakula kinachowekwa mbele yako. Habari za madaraja sitaki kuzisikia."

"Na nikijisahau?"

"Mwakani nasafiri na Roelie. Wewe utabaki na viazi vyako."

Roelie ni dada yake Aaltje. Amewahi kufika Ureno, na kila kahawa utakayompa ataipima na ya Ureno. Wolter alicheka, lakini niliona anakunjakunja kitambaa cha meza. Hakuogopa kubaki peke yake. Aliogopa Aaltje arudi na hadithi ambazo yeye hayumo.

Tulipofika Deventer, Aaltje alitafuta makoti ya mvua kwenye kiti cha nyuma akakuta mfuko wa viazi.

"Mzee, hivi ni nini?"

"Vya akiba tu, Aal."

"Akiba ya nini, kuna vita? Jirani, visionekane tena."

Nikavifungia kwenye buti. Siku hiyo Wolter alijitahidi. Alikula keki nyeusi ya viungo, akapanda mnara wa kanisa, akasifu paa za nyumba. Daraja kubwa la mtoni lilionekana wazi kule chini, naye akaligeuzia kisogo. Usiku Aaltje alituingiza kwenye mkahawa wa Kiindonesia. Meza ilijaa visahani mpaka glasi zikakosa pa kukaa. Wolter alikula wali na kila kilichokuja nao, machozi yakimtoka kwa pilipili.

"Tamu sana," alisema.

"Mwongo," alijibu Aaltje, lakini akampigapiga mkono.

Kule Enkhuizen ilikuwa vigumu zaidi, maana pale maji yako kila kona. Tulikula mkunga wa kukaushwa kwa moshi, vidole vikang'aa mafuta. Daraja lilipopiga kengele nyuma yetu, Wolter alifumba macho kama mtu aliyeacha sigara akipita mbele ya duka la tumbaku. Aaltje alimwona. Alimnunulia aiskrimu, ingawa hakusema ni ya nini.

Siku ya tatu ilikuwa Siku ya Kupaa, na sikukuu hiyo nusu ya nchi huwa majini. Mji wenyewe wa Friesland siutaji. Ni mdogo, una mfereji mmoja katikati na daraja moja. Ng'ambo kulikuwa na kibanda cha samaki wa kukaanga.

"Kaeni kwenye benchi hili," alisema Aaltje. "Nakwenda kuleta samaki. Mzee, nakuamini."

Alipokwisha vuka, msichana akatoka katika kijumba cha daraja kando yetu, mkononi ana ufito na kiatu cha mti. Kengele ikalia, daraja likainuka. Mashua zilikuwa zimejipanga mpaka kwenye kona ya mfereji. Msichana alirusha kiatu mara mbili, na mara zote mbili wenye mashua wakakikosa.

"Mkono uko chini," Wolter alinong'ona, mikono mfukoni.

"Unasemaje, baba?"

"Sisemi kitu."

"Unaijua kazi hii?"

"Wolter," nilisema. Hayo tu. Si kawaida yangu kusema jambo mara mbili.

"Kidogo," alimjibu msichana.

"Basi nishikie ufito nile mkate wangu. Tangu asubuhi sijaweka kitu mdomoni."

Wolter aliporusha mara ya kwanza, kiatu kilimvua Mjerumani mmoja kofia, ikaingia majini. Mara ya pili kilitua sawasawa kama ndege. Kuanzia hapo jirani yangu hakuwa tena kwenye likizo. Alisimama wima, akasalimia kila mashua, akauliza watu wanakotoka.

Aaltje akarudi ukingo wa pili, amebeba vifuko vya karatasi, akakuta daraja liko juu na mumewe ana ufito.

"Wolter! Teremsha hilo daraja!"

"Haiwezekani, Aal! Mashua ziko kwenye foleni!"

"Samaki wanapoa!"

"Nitawala baridi! Nitakula chochote!"

Kisha tukaona midomo yake inatamka, polepole, neno moja: Roelie. Akageuka, akafuata ukingo, akapotea nyuma ya milingoti.

Wolter aliacha kurusha. Kiatu kikaning'inia tu, mashua zikapita bure.

"Baba, ushuru!" msichana alipiga kelele, mdomo umejaa jibini.

"Amekwenda," Wolter aliniambia. "Na gari je? Funguo unazo wewe?"

Ninazo mimi, nilimwambia. Hatukuweza kufanya lolote, daraja lilikuwa bado juu.

Ndipo ikaja mashua kuukuu, pana, ya tanga la kahawia. Mbele, juu ya kreti, kati ya watu tusiowajua, ameketi Aaltje, miguu ameinyoosha, kikombe cha kahawa mkononi, samaki mapajani. Wolter alinyoosha ufito. Kiatu kilikwenda kikasimama mbele ya pua ya mkewe.

Aaltje alikitazama.

"Miaka yote hiyo," alisema, "nimekiona kiatu chako kutoka dirisha la jikoni. Leo kimenijia na mimi."

Akachukua kipande cha samaki, akakichovya kwenye mchuzi wa vitunguu saumu, akakitia kiatuni. "Ushuru wangu. Kula."

"Kiatu changu kitanuka!" alilia msichana.

Wolter alivuta uzi, akala. Mashua ilikuwa imeshaanza kupita.

"Aal! Mwakani je?"

"Mwakani tunakuja kwa mashua!"

"Wewe na nani?"

"Na Roelie!" Akanywa kahawa kwanza, hana haraka. "Na mtu wa kutupikia viazi!"

Abiria wakacheka, hata yule msichana akacheka. Wolter alimrudishia ufito wake, akajifuta mchuzi kidevuni, akanigeukia.

"Jirani," alisema, "vile viazi bado viko kwenye buti?"